MASHINDANO YA JAMAA NA FEDHA ILIYO KATI YAO

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyehalalisha biashara na akaharimisha watu kuliana mali zao kwa batili. Na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Kamari ina nyuso mbili. Uso wa kwanza kila mtu anaujua na kila mtu huuchukia: ni uso wa yule aliyeuza shamba la babaye, akaweka rehani dhahabu za mkewe, akawa hapiti sokoni ila kwa njia ya uchochoroni kwa kuwakimbia wanaomdai. Huyo hahitaji waadhi wa kumwambia kuwa amepotea, kwani hali yake yenyewe ni waadhi. Uso wa pili ni mzuri, una tabasamu, na harufu yake ni ya pilau. Nao ni kamari ya nyumbani: ndugu na ndugu, baba na wanawe, mkwe na shemeji, kila mmoja ametoa fedha kidogo ambayo hata ikipotea hapana atakayelala na njaa, na wote wanacheka. Uso huu ndio unaohitaji kuelezwa, kwa kuwa mwenye kuukataza huonekana mtu mkavu asiyependa furaha ya watu, na mwenye kuufuata haoni kuwa amefanya jambo.

Mfano wake ulio wazi kabisa uko Marekani, katika mpira wa vyuo vikuu. Mpira huo si huu unaochezwa kwa miguu katika viwanja vya Mombasa na Unguja. Ule ni wa umbo la yai, hushikwa kwa mikono na kukimbizwa, na wachezaji kumi na mmoja wa upande huu huwazuia kumi na mmoja wa upande wa pili kwa vifua na mabega, katika uwanja wa yadi 100. Mchezo wa kwanza wa vyuo unaohesabiwa katika tarehe yao ni ule wa tarehe 6 Novemba 1869, baina ya Rutgers na Princeton, na Rutgers wakashinda 6 kwa 4, ijapokuwa siku hiyo mpira ulikuwa wa duara na kila upande ulikuwa na watu 25. Tangu hapo mchezo huo umekua hata ukawa kama ukoo. Mtu husoma katika chuo, wanawe hukipenda chuo hicho kabla ya kujua kusoma, na mjukuu huvishwa rangi za chuo hicho naye bado anyonya.

Wenye uhasama mashuhuri kuliko wote katika mchezo huo ni chuo cha Michigan na kile cha Ohio State. Walikutana kwanza mwaka 1897, na tangu 1918 hukutana kila mwaka, ila ulikosekana mwaka 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona. Na wenyeji wa majimbo hayo mawili hupenda kukumbusha kuwa ugomvi wao ni mkongwe kuliko mpira, kwani mwaka 1835 walishikiana silaha kwa ajili ya mpaka, kila upande ukidai mji wa Toledo. Mwisho mji ukawa wa Ohio, na Michigan wakapewa ardhi nyingine ya kaskazini. Hapo Toledo, karibu na mpaka huo, nyumba moja huweza kuwa na watu wa pande zote mbili chini ya dari moja.

Na majimbo hayo mawili yana Waislamu wengi. Dearborn, katika Michigan, ni mji ambao Waarabu na Waislamu wamekaa kwa vizazi. Vijana wa skuli moja ya huko walijulikana nchi nzima mwaka 2010 kwa kufanya mazoezi yao ya mpira usiku wa manane katika mwezi wa Ramadhani, ili wasiache saumu wala wasiache mchezo. Na hilo ni jambo la kusifiwa, wala pasiwe na mtu wa kudhani kuwa mpira wenyewe ndio unaolaumiwa hapa. Columbus, ulipo uwanja wa Ohio State, una Wasomali wengi sana, na miongoni mwao mna watu wa Barawa, ambao wazee wao walikimbilia Mombasa katika vita vya 1991 na wakakaa hapo miaka katika kambi kabla ya kupelekwa ng'ambo. Basi asiseme msomaji wa pwani kwamba habari hizi ni za watu wa mbali. Katika nyumba hizo mna watu wanaojua Mombasa mtaa kwa mtaa.

Ama kamari yenyewe namna yake ni hii. Mwisho wa mwaka, baina ya Desemba na Januari, huchezwa michezo ya kufungia msimu, kiasi cha 40. Jamaa hukusanyika, na kila mmoja hutoa fedha, tuseme dola 10. Kisha kila mmoja huandika katika karatasi timu anayoona itashinda katika kila mchezo, na kando ya kila timu huandika hesabu tangu 1 hata 40. Ile hesabu kubwa huiweka kwa mchezo alio na yakini nao, na ile ndogo kwa ule anaoutilia shaka. Akisibu hupewa hesabu aliyoiandika, akikosa hapati kitu. Michezo ikiisha, mwenye jumla kubwa huzoa fedha zote. Watu kumi wakitoa dola 10 kila mmoja, mmoja huondoka na 100, naye alitoa 10. Na wale tisa huondoka mikono mitupu. Ndiyo yote. Hapana karata, hapana ulevi, hapana mtu mgeni. Babu huandika karatasi yake, mama huandika yake kwa kuchagua timu zenye majina mazuri, na mara nyingi mama ndiye anayeshinda, ikawa kicheko mwaka mzima.

Jambo la ajabu ni kuwa Waarabu wa Jahiliya walikuwa na mchezo unaofanana na huu kama pacha. Walikuwa wakichinja ngamia, na mishale kumi hutiwa mfukoni. Saba katika hiyo imeandikwa mafungu, wa kwanza fungu moja, wa pili mafungu mawili, hata wa saba mafungu saba, na mitatu haina kitu. Huchomolewa mishale, na ambaye mshale wake umetoka na fungu huchukua nyama, na ambaye wake ni mtupu hulipa thamani ya ngamia. Huo ndio maisiri. Na tazameni walivyokuwa wakiufanya: walioshinda hawakuwa wakila nyama ile, bali wakiwapa maskini wakati wa baridi na ukame, na wakijifakharisha kwa ukarimu wao, na mtu asiyeingia katika mchezo walimtukana kwa ubahili. Yaani maisiri ilikuwa ni ya jamaa, ya ridhaa, na mapato yake ni sadaka. Wala haikuwa na uso mbaya. Na juu ya hayo Mwenyezi Mungu akaitaja pamoja na ulevi na masanamu katika Suratul Maida, aya ya 90, na akaita uchafu wa kazi ya shetani. Na kabla ya hapo, katika Suratul Bakara aya ya 219, alikwisha kukiri kuwa ndani yake mna manufaa kwa watu, lakini dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Basi mwenye kuja leo akasema, "Lakini kamari yetu ina manufaa, inatukusanya," hakuleta hoja mpya. Manufaa yalitajwa, na hukumu ikatolewa baada ya kutajwa.

Hoja ambazo watu hao huzileta ni nyingi, na baadhi yake si za kijinga, kwa hivyo yapasa zijibiwe kwa adabu.

Wapo wanaosema kuwa fedha ni chache. Jawabu ni kuwa sharia haikuweka nisabu ya kamari kama ilivyoweka nisabu ya zaka. Kamari ni sura ya muamala, si kiasi chake: kila mmoja aingie katika hali ambayo ama atapata mali ya mwenzake ama atapoteza yake, kwa jambo ambalo hatima yake haijulikani. Ikipatikana sura hiyo, ni kamari kwa dola 10 na ni kamari kwa senti 10. Na imepokewa kwa baadhi ya wanavyuoni wa tabiina, kama Mujahid na Ata, kwamba hata mchezo wa watoto wa kushindania jozi umo katika maisiri. Watoto wa pwani wana mchezo wao wa korosho, na wazee wengi huupita wakicheka. Waupite, lakini wajue wanachokicheka.

Wapo wanaosema kuwa wote wameridhia. Na ridhaa katika mali ni sharti kubwa, lakini ni sharti la biashara iliyo halali, si ufunguo wa kufungulia kila mlango. Aya ya 29 ya Suratun Nisaa imekataza kwanza watu kula mali zao baina yao kwa batili, kisha ikatoa ruhusa ya biashara ya kuridhiana. Haikusema kuwa batili ikiridhiwa hugeuka halali. Mla riba na mtoa riba nao waliridhiana.

Wapo wanaosema, na hawa ndio wenye kujua mchezo, kwamba hii si bahati bali ni maarifa: mtu husoma habari za timu, akajua nani ameumia, nani ana mlinzi mzuri, na uwanja gani una upepo. Kweli, mna maarifa ndani yake, lakini maarifa hayo hayamfikishi mtu popote pa yakini. Mwaka 2013 Alabama walikuwa bila kushindwa, wakacheza na Auburn, na mchezo ukawa 28 kwa 28. Ikabaki sekunde moja, Alabama wakapiga mpira wa kutafuta ushindi, ukawa mfupi, akaudaka mchezaji wa Auburn mwisho wa uwanja, akakimbia nao uwanja mzima, na mchezo ukaisha 34 kwa 28. Hapana kitabu wala karatasi iliyojua hayo. Na juu ya hilo, hata kama mna maarifa, maarifa ya nani? Wanaocheza ni vijana wa chuo. Jamaa waliokaa sebuleni hawakimbii wala hawarushi. Mali yao imefungwa na mbio za mtu mwingine asiyewajua.

Hapo ndipo ilipo nukta ya madhehebu, na inafaa kukaa nayo kidogo. Imamu Shafi ametajwa na wanafunzi wake kuwa ndiye wa kwanza aliyeandika mlango wa mashindano na kurusha mishale kwa kuupanga, na wanafunzi wa Kurani na wa fikihi wa pwani huupata mlango huo tangu katika matini ya Abu Shujaa, kisha katika Minhaji ya Imamu Nawawi aliyefariki 676 Hijria, na sharaha zake, Tuhfa ya Ibn Hajar na Nihaya ya Ramli. Asili yake ni hadithi ya Abu Huraira, iliyomo katika Abu Daud na Tirmidhi na Nasai, ambayo Mtume, rehema na amani zimfikie, alifunga malipo ya mashindano katika vitu vitatu: mishale, ngamia na farasi, na wanavyuoni wakaviambatisha na hivyo vile vinavyofanana navyo katika kutayarisha watu kwa vita. Hata katika vitu hivyo hawakuachia mlango wazi. Mali ikitolewa na mtawala au mtu wa nje, ni sawa. Ikitolewa na mmoja wa wanaoshindana, kwamba "ukinishinda hii ni yako, nikikushinda sichukui kitu", ni sawa. Lakini wote wawili wakitoa, haifai illa aingie kati yao wa tatu asiyetoa kitu, naye farasi wake awe karibu na farasi zao kwa uwezo, akiwashinda achukue yote, na akishindwa asitoe. Huyo huitwa muhalili.

Imesemwa na baadhi ya wajanja, "Basi na aingizwe bibi katika kamari yetu bila kutoa dola zake, awe ndiye muhalili, mambo yawe halali." Hila hii inachekesha, na inaonyesha kuwa mwenyewe alipita chuoni kabla ya kupita sebuleni, lakini haisimami. Muhalili huingia baina ya wanaopanda farasi, katika shindano ambalo sharia imelikubalia malipo. Hapa shindano si la wapanda farasi, ni la watazamaji; na kutabiri nani atashinda si katika mishale, wala si katika ngamia, wala si katika farasi. Bibi ataingia, na kamari itabaki kamari, ila sasa bibi naye yumo.

Hoja nyingine ina uzito zaidi, nayo ni kisa cha Abubakar Siddik. Zilipoteremka aya za mwanzo za Suratur Rum, zenye habari kuwa Warumi wameshindwa na kwamba watashinda tena katika miaka michache, Abubakar aliwekeana dau na washirikina wa Makka juu ya jambo hilo, nalo lilikuwa vita vya watu wengine, kama mpira huu ulivyo mchezo wa watu wengine. Kisa hiki kimepokewa na Tirmidhi. Lakini katika mapokezi yenyewe imetajwa kuwa hayo yalikuwa kabla ya kuharimishwa kuwekeana rehani. Tena Abubakar hakuweka mali yake juu ya dhana, aliiweka juu ya maneno ya Mola wake. Ni kweli kuwa Imamu Abu Hanifa na mwanafunzi wake Muhammad walitoa katika kisa hicho ruhusa ya miamala ya namna hii baina ya Mwislamu na asiye Mwislamu katika nchi ya vita, na baadhi ya wakaao Marekani huikimbilia kauli hiyo. Imamu Shafi na Imamu Malik hawakuikubali, na Abu Yusuf, naye ni katika maimamu wa Kihanafi, hakuikubali. Na hata akiichukua mtu, itamfaa nini katika jambo hili, hali wanaoliana mali ni baba na mwanawe, wote wakisali katika safu moja?

Yamebaki mambo mawili ambayo wenye kamari ya nyumbani huyasahau, na ndiyo mazito.

La kwanza ni watoto. Katika nyumba nyingi mtoto wa miaka kumi naye huandika karatasi yake, na dola zake 10 hutoka katika fedha ya idi aliyopewa na shangazi zake. Fedha hiyo ni milki ya mtoto. Katika madhehebu ya Shafi mtoto hana tasarufi katika mali yake hata akiwa ni mwenye kupambanua. Msimamizi ni babaye, na baba hana ruhusa ya kuigusa ila kwa maslaha ya mtoto. Baba anapomwachia aitie katika kamari amefanya makosa matatu kwa mara moja: amecheza mwenyewe, ameharibu amana, na amemfundisha. Na hili la kufundisha halikomi sebuleni. Katika Marekani tangu 1992 sharia ya dola ilizuia majimbo mengi kuruhusu kamari ya michezo. Tarehe 14 Mei 2018 mahakama yao kuu ikaibatilisha sharia hiyo, na majimbo zaidi ya 30 yakafungua mlango. Michigan ikaruhusu kwa simu mwaka 2021, Ohio tarehe 1 Januari 2023. Basi mtoto aliyezoeshwa kwa karatasi ya babu, akifika miaka 21, anakuta simu iliyo mfukoni mwake inamwuliza swali lile lile alilokuwa akiulizwa na babu: nani atashinda leo? Tofauti ni kuwa simu haichoki, haicheki, wala haimwambii kuwa imetosha kwa mwaka huu.

Na jambo hilo si la Marekani peke yake. Simu hizo hizo zimefika pwani ya Afrika Mashariki, na vijana huwekea fedha mpira wa Uingereza wakiwa wamekaa barazani. Wenye biashara hiyo wameipa jina la kubashiri. Neno hilo asili yake ni bishara, yaani habari njema, nalo ni katika maneno yaliyotumika kwa Mitume. Kamari ikalivishwa kama mwizi aliyevaa kanzu.

La pili ni sala. Aya ya 91 ya Suratul Maida, baada ya kutaja uadui na bughudha, ikataja kuzuiliwa na kumkumbuka Mwenyezi Mungu na sala. Watu husoma haya kwa haraka. Lakini mchezo wa Michigan na Ohio State, mwisho wa Novemba, aghalabu huanza saa sita kamili za mchana. Katika mji wa Columbus majira hayo jua hupinduka kiasi cha saa sita na dakika 20, na alasiri ya Kishafi huingia kabla ya saa tisa kwa dakika kama kumi. Mchezo huo, ijapokuwa saa yake ni ya dakika 60 tu, kwa visimamo vyake huchukua zaidi ya saa tatu. Maana yake ni kuwa wakati wote wa adhuhuri, mwanzo wake na mwisho wake, umo ndani ya mchezo. Asiye na fedha katika mchezo huo husimama katika mapumziko ya nusu akasali. Mwenye fedha naye huweza kusimama, lakini moyo wake umebaki katika yadi ya ishirini, na mara nyingine hata mwili hausimami.

Ama uadui, watasema kuwa kwao haupo. Huenda. Lakini mzaha mzaha hutumbuka usaha. Alabama na Auburn, vyuo vya jimbo moja, walicheza tangu 1893, na baada ya mchezo wa 1907 wakahitilafiana juu ya posho ya wachezaji na juu ya mwamuzi, mambo ambayo watu wazima wangeyamaliza kwa kikombe cha kahawa. Hawakukutana tena hata 1948. Hapo hapakuwa na kamari, ila fedha kidogo na kiburi. Sembuse ndugu wawili ambao mmoja ameshinda miaka mitatu mfululizo, na mwenziwe, ambaye kazi imemtoka mwaka huu, ameona haya kusema kuwa hana dola 10, akazikopa? Naye atacheka pamoja nao. Ni nani atakayejua kilichomo ndani ya kicheko chake? Na katika michezo ya vyuo leo, wachezaji wenyewe, nao ni wanafunzi, hupelekewa matusi na vitisho na watu waliopoteza fedha kwa ajili yao, hata Ohio mwaka 2024 ikakataza kuwekewa fedha kwa mchezaji mmoja mmoja wa chuo.

Pamoja na hayo yote, kushindana baina ya jamaa hakukuharimishwa. Mtume, rehema na amani zimfikie, alishindana mbio na mkewe Aisha katika safari, Aisha akamshinda. Kisha baada ya muda, Aisha alipokuwa amenenepa, wakashindana tena, akamshinda yeye, akamwambia kwa mzaha kuwa hii ni badala ya ile. Kisa hiki kimo katika Abu Daud. Mtukufu wa viumbe alishindwa na mkewe, akaweka kumbukumbu yake, akamlipizia kwa kucheka, na hapakuwa na dirhamu moja baina yao. Watu wa Columbus na Dearborn wanaweza kuandika karatasi zao vile vile, na hesabu zao za 1 hata 40, na majina ya washindi yakatundikwa ukutani, pasiwe na fedha. Aliyeshindwa akivaa fulana ya timu ya mwenziwe siku moja, hapana ubaya, maadamu hadhalilishwi. Lakini akishurutizwa kuwanunulia wote chakula, hapo mali imerudi kwa mlango wa nyuma, kwani biriani nayo ni mali. Na baba akipenda kumpa mwanawe zawadi kwa hiari yake baada ya michezo kwisha, pasipo sharti wala mapatano ya kabla, hiyo ni hiba, na hiba ni halali. Akifunga ahadi kabla, kwamba atakayesibu atapewa kadha, basi ameshaweka malipo katika shindano ambalo Shafi hawaruhusu malipo ndani yake, na bora aache.

Wala kutabiri huko kusipite mpaka wake. Mtu kusema "naona hawa watashinda" ni dhana, na dhana ya mchezo si dhambi. Kuapa kuwa watashinda ni kitu kingine.

Imebaki habari ya fedha zilizokwisha kuliwa. Mali ya kamari haiwi milki ya aliyeshinda. Hubaki mali ya wenyewe, na toba yake haitimii kwa istighfari peke yake mpaka irudishwe. Na hapa kamari ya nyumbani ina wepesi ambao kamari ya simu haina: wenye mali wanajulikana kwa majina, na wengi wao watakuwapo mezani Ijumaa hii. Aliyeshinda dola 100 amrudishie kila mmoja dola zake 10, na za mtoto aanze nazo, kwani mtoto hawezi kusamehe. Aliyebaleghe mwenye rushdi akisamehe kwa moyo wake, hiyo ni hiari yake. Aliyefariki, haki yake ni ya warithi wake, wala si ya yule anayesema kuwa marehemu asingejali. Asiyejulikana alipo tena, atafutwe. Akikosekana kabisa, itolewe sadaka kwa niaba yake. Na ambaye hakushinda bado, ila aliwahi kumwambia nduguye "njoo tucheze kamari", Mtume alimwamrisha mtu wa namna hiyo atoe sadaka kwa ajili ya neno hilo peke yake, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim. Wallahu aalam.